Barua ya wazi kwa wakuu wa usafiri wa anga: tuambieni ndege imepigwa dawa lini

Kwa: Watendaji wakuu wa mashirika ya ndege, wakurugenzi wa mamlaka za usafiri wa anga, na wakuu wa afya ya mipakani na viwanjani

YAH: DAWA ZA KUUA WADUDU TUNAZOZIVUTA NA KUZIGUSA KAZINI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhudumu wa ndege katika safari za kimataifa, na huu ni mwaka wangu wa 17 kazini. Kabla ya kuja hadharani nimeandika barua tatu. Ya kwanza nilimkabidhi msimamizi wangu kwa mkono, nikiwa nimetaja tarehe na namba ya usajili wa ndege. Ya pili ilikwenda idara ya usalama. Ya tatu tuliisaini watu 9. Jibu la kwanza nilipewa kwa mdomo, kwamba dawa inayotumika imeidhinishwa. La pili lilikuwa barua pepe ya mistari mitatu iliyosema hilohilo. Barua ya tatu haijajibiwa, na sasa ni miezi 14. Kampuni siitaji, kwa sababu nimezungumza na wenzangu wa makampuni mengine na wanaeleza yaleyale.

Niruhusuni nianze na asubuhi moja.

Tuliingia kwenye ndege alfajiri, kabla ya abiria. Zulia lilikuwa bado na unyevunyevu chini ya viatu. Mhudumu anapopanda ndege kazi yake ya kwanza ni kugusa: anapapasa chini ya kila kiti kuhakikisha koti la kujiokolea lipo, anafungua makabati ya juu kukagua mitungi ya oksijeni na vizima moto, anavuta komeo za jikoni moja baada ya nyingine, anapitisha mkono kwenye mifuko ya viti. Nilipofika safu za katikati nikaona kiganja kinateleza, kama mtu aliyeshika chupa ya mafuta. Nikajifuta kwa tishu, nikaendelea. Baada ya muda nikajikuna kando ya mdomo bila kufikiri. Haikupita nusu saa mashavu yakaanza kuchonyota, kisha midomo ikaingia ganzi, kama nimeshika pilipili nikajisahau. Nyuma, mwenzangu mwenye pumu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wahudumu, inhela mkononi, macho mekundu. Nikamuuliza fundi wa zamu aliyekuwa anashuka ngazi. Akanitazama kwa huruma, akasema: "Dada, hii imepigwa dawa usiku. Hawakuwaambia?"

Hawakutuambia. Tukafunga milango, tukaruka kwa muda wa saa 9.

Naomba nieleweke mapema. Sisemi mbu waachwe wasafiri bure. Mwaka 1994, karibu na uwanja wa Charles de Gaulle nchini Ufaransa, watu 6 waliugua malaria bila kusafiri kwenda nchi yenye malaria. Mbu walikuwa wamewafuata kwa ndege. Mbu wa homa ya manjano na dengi naye anajua kupanda ndege. Nchi ina haki ya kujilinda, na sisi tunaoingia na kutoka katika nchi hizo ndio wa kwanza kung'atwa. Ninacholalamikia ni kwamba katika kazi hii yote mtu anayekaa na dawa kwa muda mrefu kuliko wote ndiye asiyeambiwa, asiyepimwa na asiyeandikwa popote.

Hoja zangu ni hizi.

1. Hatuambiwi ndege ipi imepigwa dawa, lini, na dawa gani.

Kwa msomaji asiye wa kazi hii: kuna njia kadhaa. Moja ni kupulizia makopo ya erosoli ndani ya ndege abiria wakiwemo, ama milango ikishafungwa kabla ya kuruka, ama ndege inapoanza kushuka. Ya pili ni kupulizia kabla abiria hawajapanda. Ya tatu ndiyo iliyotukuta asubuhi ile: kuta, mazulia, makabati na sehemu za mapumziko zinalowanishwa kwa permethrini ya asilimia 2, iachwe ikauke na kubaki pale ikiua kila mdudu atakayetua. Kazi hii hurudiwa kila baada ya wiki 8.

Ikishafanyika, hutolewa cheti chenye tarehe, na cheti hicho huandaliwa kwa ajili ya afisa wa afya wa kule tuendako. Kwa hiyo afisa asiyewahi kukanyaga ndani ya ndege ile ana haki ya kujua ilipigwa dawa siku gani. Mhudumu anayelala kwenye kitanda cha mapumziko cha ndege hiyohiyo, uso wake sentimita chache kutoka ukuta uliopuliziwa, hana. Nimetafuta neno la kiungwana la kulielezea hili na sijalipata. Ni dharau.

2. Majibu tunayopewa yanamfaa abiria, na sisi si abiria.

Permethrini, na d-fenothrini inayotumika kwenye makopo ya erosoli, ni za jamii ya pirethroidi, dawa zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Zinamuua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Mwili wa binadamu huzivunja na kuzitoa kwa mkojo ndani ya siku chache, na hili ndilo linalotajwa kila tunapolalamika. Ni kweli. Lakini abiria anayepanda ndege mara mbili kwa mwaka ana hizo siku chache. Mimi kesho kutwa nimo tena ndani ya ndege nyingine ya kundi lilelile, yenye dawa ileile, na wiki ijayo vivyo hivyo.

Nje, jua huivunja pareto kwa haraka. Ndiyo sababu wanasayansi waliunda jamaa zake zinazodumu. Ndani ya ndege hakuna mvua wala jua kali la kuivunja, na dawa ilichaguliwa makusudi kwa sababu inadumu. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, karibu nusu, ni ileile inayozungushwa tena. Vichujio vyake vinakamata vumbi na matone vizuri sana, ila si mvuke. Hewa yenyewe ni kavu kiasi kwamba macho na koo vinakuwa vimekwisha kukereketa kabla dawa haijafika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima mkojo wa wahudumu wa ndege. Waliofanya kazi kwenye ndege zilizopigwa dawa walikutwa na mabaki ya pirethroidi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wa ndege zisizopigwa. Kwa hiyo dawa haibaki ukutani. Inaingia mwilini, na imeshapimwa ikitoka.

3. Wakati mwingine wapuliziaji ni sisi wenyewe.

Ndege inapokaribia kushuka tunasimama kwenye ujia, kopo mkononi, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, tunatembea taratibu safu kwa safu huku kopo likifoka bila kukatika. Ukungu unaelea, kisha unashuka. Unamshukia abiria kidogo, maana tunampita. Unamshukia mpuliziaji njia nzima, kwa sababu ndiye anayetembea nao. Tukimaliza, namba za makopo matupu zinaandikwa na makopo yenyewe yanatunzwa ili afisa wa afya ayaone. Makopo yana kumbukumbu. Jina la aliyepulizia halina mahali pa kuandikwa.

Usiku ule wa dawa ya wiki 8, wapuliziaji wa mkandarasi walivaa ovaroli, glavu na barakoa zenye vichujio. Fundi aliniambia, na ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilifuata nikiwa na sketi, shati la mikono mifupi na skafu shingoni. Nilipoomba glavu na barakoa kwa ajili ya kupulizia erosoli niliambiwa abiria watashtuka. Abiria waelezwe, basi. Mtu anayepuliziwa dawa kichwani na mtoto wake mapajani anastahili kuelezwa hata kama hatavaa mtu barakoa.

4. Muda wa kupitisha hewa unaliwa na ratiba.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unataka, baada ya dawa ya kudumu kupuliziwa, mfumo wa hewa wa ndege uendeshwe angalau saa moja kabla watu hawajaingia. Ndege ikichelewa kutua usiku, mkandarasi anaanza kwa kuchelewa, na safari ya alfajiri haisogezwi. Kinachokatwa ni hiyo saa moja, kwa kuwa haina mtu wa kuitetea. Zulia lenye unyevu halihitaji maabara kulithibitisha.

5. Tukiugua, ugonjwa wetu hauna jina.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie.

Nilipofika zahanati ya kazini baada ya safari ile, daktari aliandika "mzio, chanzo hakijulikani". Nilimtajia dawa. Akauliza dawa gani. Sikuwa na jina lake, kwa sababu ya hoja yangu ya kwanza hapo juu. Hakuwa na fomu ya kuripoti sumu ya viuatilifu, na hakujua ampigie nani. Mwenzangu wa pumu aliandikiwa "uchovu wa safari" na mapumziko ya siku 2. Katika vitabu vya kampuni, basi, asubuhi ile hakuna aliyeathirika na dawa. Mwaka utaisha, ripoti itaandikwa, na ripoti itasema hakuna tukio.

Linganisheni na California. Kule sheria inamlazimu daktari kuripoti mgonjwa anayemshuku kuwa ameathiriwa na viuatilifu. Kwa sababu hiyo, watafiti wa afya ya kazini wa jimbo hilo waliweza kuchapisha mwaka 2007 taarifa ya wahudumu wa ndege 12 waliougua kutokana na dawa zilizopigwa ndani ya ndege, wengi wao kwa njia hii ya dawa inayoachwa ukutani. Sidhani kama wahudumu wa huko wana ngozi laini kuliko sisi. Wana mahali pa kuandikwa.

Mmoja wetu akiwa na ujauzito wa wiki 9, kabla hajasimamishwa kuruka, aliomba apewe orodha ya ndege zilizopigwa dawa mwezi ule ili apangiwe nyingine. Alijibiwa kwamba ndege zote ni salama. Hakuwa ameuliza kama ni salama. Aliomba tarehe. Alimaliza mwezi wake akipangua zamu kwa kubahatisha, akibadilishana na sisi tuliokuwa tunabahatisha pia.

6. Hata kazi ya dawa yenyewe inahitaji kuangaliwa upya.

Mbu wa sehemu nyingi za dunia wamejenga usugu dhidi ya pirethroidi, jamii hiyohiyo inayotumika kwenye vyandarua. Na mwaka 1979 Marekani iliacha kupulizia dawa ndege za abiria zinazoingia kama utaratibu wa kawaida, baada ya wataalamu wake wa afya kuona faida ni ndogo na madhara yanawezekana. Mimi si mtaalamu wa wadudu na siwezi kuwaamulia nchi ipi ina hatari gani. Ninaloweza kusema ni kwamba kama nimevuta dawa kwa ajili ya kumuua mbu, nina haki ya kujua kwamba mbu alikufa.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nimeshayapokea.

Mtasema WHO imeidhinisha. WHO inasema dawa hizi zinakubalika zikitumiwa kama inavyoelekeza, na mwaka 2013 ilitoa tathmini nzima ya hatari zake, ikikadiria hatari kwa wapuliziaji na wafanyakazi wa ndege pamoja na abiria. Maelekezo hayo yana kipimo, yana mavazi ya kujikinga, yana muda wa kupitisha hewa. Kuidhinishwa kwa dawa hakuwezi kuhamia kwenye kazi iliyofanywa bila masharti yake. Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005, kifungu cha 22, zinataka kuua wadudu kufanywe kwa namna isiyoumiza watu na, kadiri inavyowezekana, isiyowasumbua. Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kimataifa, kinawataka wanachama wahakikishe taratibu zao hazidhuru afya ya abiria na wafanyakazi wa ndege. Hao "wafanyakazi wa ndege" ni sisi.

Mtasema nchi tuendako ndiyo inayodai, na shirika halina la kufanya. Nchi inadai ndege isiwe na wadudu hai. Njia ya kufika hapo mara nyingi ina nafasi ya kuchagua: Australia na New Zealand, ambazo ni kali kuliko wengi, zinakubali zaidi ya njia moja, ikiwemo kupulizia kabla watu hawajapanda. Aliyechagua dawa ya kudumu aliichagua kwa sababu inaokoa muda wa kuegesha ndege. Ni sababu halali ya kibiashara. Isemwe hivyo, isivikwe nguo ya sheria ya nchi nyingine. Na kiambatisho hichohicho cha 9 kinaitaka nchi inayodai dawa itoe, ikiombwa na shirika la ndege, maelezo kwa lugha nyepesi kwa ajili ya wafanyakazi wa ndege na abiria. Ombeni. Karatasi hiyo haijawahi kufika mikononi mwetu.

Mtasema hakuna ushahidi wa madhara ya muda mrefu. Ushahidi huo utatoka wapi ikiwa daktari wetu anaandika "uchovu wa safari"?

Na mtasema haya ni malalamiko ya wachache wenye mzio. Huenda wengi hawaumwi asubuhi ile. Lakini mwenye pumu ni mfanyakazi wenu, na mwenye mimba ni mfanyakazi wenu, na ndege ikipata dharura ni hao hao mnaowategemea kufungua milango ndani ya sekunde 90. Mhudumu anayehema kwa shida au anayefikicha macho si suala lake peke yake wakati huo.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza, na hili linaweza kuanza kesho bila shilingi wala dola: kila ndege iliyopigwa dawa ibandikwe karatasi mlangoni na iandikwe kwenye kitabu cha ndege. Jina la dawa, njia iliyotumika, tarehe na saa ya kumaliza, saa ambayo watu wanaruhusiwa kuingia. Kiongozi wa wahudumu aisome kwa sauti kwenye kikao cha kabla ya safari, kama anavyosoma hali ya hewa.

Pili, zulia au viti vikiwa na unyevu, au saa ya kupitisha hewa ikiwa haijatimia, kiongozi wa wahudumu awe na mamlaka ya kukataa kupandisha timu yake, na asiadhibiwe kwa kuchelewesha safari.

Tatu, anayepulizia erosoli apewe glavu, kinga ya macho na barakoa, na kazi hiyo izunguke. Asipangiwe mwenye pumu wala mjamzito. Tena mjamzito, au anayepanga kuwa mjamzito, apewe orodha ya ndege akiomba, bila kuhojiwa.

Nne, fomu ya kuripoti athari za viuatilifu iwepo zahanatini na ndani ya ndege, nakala iende mamlaka ya usafiri wa anga, na idadi itangazwe kila mwaka. Tukiomba kupimwa mkojo baada ya tukio, tupimwe ndani ya siku moja. Siku ya tatu haina maana, kwa sababu mliyotuambia nyinyi wenyewe: dawa inakuwa imeshatoka.

Kwa wakurugenzi wa mamlaka na wakuu wa afya nina ombi la ziada. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) ulipitisha azimio la kutafuta njia zisizo za kemikali za kuzuia wadudu katika ndege. Mapazia ya hewa yanayopuliza kwenye mlango na vyandarua kwenye daraja la kupandia vimeshajaribiwa. Tunaomba mtuambie kwa maandishi mmefikia wapi na azimio hilo, na ni safari zipi kati ya zinazodaiwa dawa leo bado zina sababu ya kudaiwa.

Ninaomba majibu ndani ya siku 30, kwa maandishi, kwa njia ambayo wahudumu wote wataweza kuyasoma. Niko tayari kuja kwenye kikao na shajara yangu. Tangu asubuhi ile nimeandika kila ndege niliyopanda, namba ya usajili wake, kama ilikuwa na harufu, kama zulia lilikuwa na unyevu, na nani aliumwa. Wenzangu 6 wameanza kuandika zao. Safu moja katika shajara zetu zote iko tupu, ile ya tarehe ya kupigwa dawa. Hiyo mnayo nyinyi.

Wenu katika kazi,

Mhudumu wa ndege, safari za kimataifa